Silvanus Kasubi na Safari Iliyobakiza Kisarawe

Ndugu waombolezaji, majirani wa Misugusugu na wageni wetu kutoka Kisarawe, mzee wetu Silvanus Mihayo Kasubi, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Sikonge, mkoani Tabora, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mihayo, mrina asali. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, akamaliza sekondari Tabora mjini mwaka 1979, akajifunza upimaji ardhi Morogoro, na mwaka 1984 akaajiriwa serikalini na kupangiwa Kisarawe, ambako hakuwa na ndugu hata mmoja, ila alikuwa na watani, maana Mnyamwezi hawi mgeni penye Wazaramo.

Mtani wa kwanza kumpokea alikuwa Mwinyimadi Shabani, mkulima wa korosho wa Maneromango, aliyemkuta anakula ubwabwa kando ya shamba analolipima, akamnyang'anya sahani, akamuuliza tangu lini mpagazi wa Kinyamwezi akala kabla ya kutua mzigo, akaumaliza wote mwenyewe, na marehemu alipenda kusema kwamba rafiki yake wa kushibana alimpata kwa kushinda njaa.

Alihamishiwa Kibaha, na tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Mwalimu Elinipa, mzaliwa wa Same, wakajaliwa watoto wawili, Stellamaris na Brighton, na wajukuu watatu. Alistaafu Machi 2021, na wengi wenu hapa mnalala kwenye viwanja ambavyo mawe ya mipaka aliyachimbia yeye.

Safari ya baiskeli ilizaliwa na utani, kwenye harusi ya Firdausi, binti wa Mzee Mwinyimadi, pale baba wa bibi harusi alipotangaza mbele za watu kwamba Wanyamwezi wa siku hizi hawafiki hata Chalinze bila basi, na marehemu akajibu kwamba Mzaramo akikosa kuuona mkorosho wa kwao hulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Maneno yakawa ahadi ya kuzunguka kwa baiskeli hadi Malawi na kurudi, na tarehe 3 Juni 2023 wazee hao wawili waliondoka sokoni Kisarawe, wakapita Morogoro, Iringa na Tunduma, wakaingia Zambia, wakavuka kwenda Malawi, wakafuata mwambao wa Ziwa Nyasa hadi Karonga, na kurudi nchini kwa mpaka wa Kasumulu.

Huko Karonga mgongo ulianza kumuuma, akaficha, akaendesha hivyo hivyo hadi hapa nyumbani Misugusugu, walikofika tarehe 2 Septemba, na aliposhuka hakuweza tena kuinua mguu kupanda, akamwambia mwenzake aende akamalizie. Mzee Mwinyimadi alikataa, akasema safari iliyoanzia Kisarawe huishia Kisarawe, na kwamba hawezi kuingia sokoni peke yake watu wakamuuliza mpagazi wake amemuuza kwa nani, akaiacha baiskeli yake uani kwetu na kurudi kwao kwa bodaboda.

Oktoba mwaka huo iligundulika kuwa marehemu ana saratani ya tezi dume, iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Alitibiwa Dar es Salaam kwa zaidi ya mwaka, na katika muda wote huo hakulalamikia kufa kama alivyolalamikia kile kipande cha njia kilichobaki, kisichofika hata kilomita arobaini. Mama Elinipa alimkatalia kwenda kukimalizia, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani, aliijua mifupa ile. Mei mwaka 2025 Mzee Mwinyimadi alijitolea kumpakia kwenye karia ya baiskeli yake, marehemu akagoma, akisema mpagazi kubebwa na Mzaramo ni aibu itakayowafuata wajukuu, kisha asubuhi moja akamwomba mkewe afunge mto kwenye karia, na mama akaufunga kwa kanga yake mwenyewe.

Waliondoka tarehe 24 Mei kwa njia ya Kiluvya, mama akifuata nyuma kwa bajaji, akiwa na maji na dawa, Mzee Mwinyimadi akikanyaga kwenye tambarare na kusukuma kwenye milima, hadi wakaingia sokoni Kisarawe na watu wakapiga makofi. Marehemu akangoja atukanwe kiutani, lakini mwenzake alishika usukani, kimya. Akamuuliza mbona humtanii mpagazi uliyembeba, bado kimya, machozi yakimtoka, ndipo marehemu akamgeukia mkewe, akamwambia ukiona Mzaramo amenyamaza ujue kaburi limeshachimbwa, akacheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke.

Alifariki nyumbani tarehe 19 Juni 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibaha na Dar es Salaam, majirani mliotupikia na kutuchotea maji, wafanyakazi wenzake wa idara ya ardhi, na jumuiya iliyosali nasi. Aliacha neno moja, kwamba asishushwe kaburini kabla watani hawajamtania. Mzee Mwinyimadi yupo hapa tangu juzi na hajafungua kinywa, nasi hatumlazimishi, ila tukifika makaburini, mzee wetu, tutakungoja kadiri utakavyohitaji.

Nawe, Baba Stella, ulikotaka kufika umefika. Pumzika sasa, kwa amani.