Mgeni wa Ndugu

Mapema mwaka 1960, ndani ya basi la Musonoi, mji wa migodi wa Katanga, karani Numbi aliwasikia wanawake wawili wa kiti cha mbele. Tshibola, aliyekimbia mapigano ya Kasai na watoto wanne, jana alikuwa amenyimwa blanketi misheni.

“Serikali inapatia masista blanketi za bakimbizi tu, mama,” alisema Kabedi, jirani yake. “Kwa nini ulisema uko mugeni?”

“Niko kwa ndugu yangu. Kwa ndugu mutu iko mukimbizi?”

“Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe.”

“Jembe alishanipa. Blanketi ndiyo hana.”

Numbi, aliyezipiga chapa fomu za misheni za kuombea blanketi, alijua zina nafasi ya “mgeni” au “mkimbizi” tu, si ya maelezo.

Basi lilisimama mbele ya misheni.

“Sema tu mukimbizi,” alisema Kabedi.

“Ndugu yangu atasikia niko mukimbizi kwake,” alijibu Tshibola, bado ameketi.