Bei Gani na Gari Lake la Viti Viwili

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza kaka yetu, mimi ni mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja, na ndiye niliyepewa na ukoo kazi ya kusoma historia yake fupi, ingawa wanaonijua wanajua kwamba ufupi na mimi hatujawahi kukutana. Kikao cha familia kiliniomba nisilitaje gari, nami niliitikia kwa heshima, lakini tangu juzi mchana mambo yamegeuka, na walewale waliokuwa wakinikataza ndio wanaoniambia shangazi usiliache. Kwa hiyo nitalitaja, tena kwa kirefu, maana najua wengi wenu mmekaa hapo na swali moja kooni, kwamba lile gari la michezo la zamani, jekundu, lililofufuliwa kwa gharama ya kujenga nyumba, lilistahili bei ile au kaka yetu aliishiwa akili uzeeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa mpaka rangi wa mabehewa na mama aliyekuwa mshonaji wa sare za shule, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alikuja duniani amekunja ngumi zote mbili, na tangu siku hiyo hakuzikunjua kwa urahisi.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, ng'ambo ya reli, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1968, kisha akajiunga na chuo cha biashara alikopata cheti cha ununuzi na ugavi mwaka 1970. Jina la Bei Gani, ambalo wengi wenu mnadhani alilipata kazini, alipewa darasa la tano na mwalimu wa hesabu, kwa sababu kila lilipotolewa swali la mtu aliyenunua machungwa kadhaa kwa kiasi kadhaa, kaka yetu alinyoosha mkono kabla ya kukokotoa, akasema huyo mtu amepunjwa.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa karani wa stoo katika hospitali kuu ya mji wetu, akapanda ngazi moja moja hadi kuwa mkuu wa ununuzi, cheo alichokishika mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2009, na katika miaka hiyo yote wauza shuka, wauza sabuni na wauza glavu walikaa kwenye benchi la korido mbele ya mlango wake wakijifuta jasho, maana walijua wakiingia wataulizwa bei gani, watajibu, kisha yeye atanyamaza akitazama dirishani, na hatanena lolote hadi wapunguze wenyewe. Wapo waliomwita mkono wa birika, sikatai, lakini hakula hata peremende ya mtu mwenye bidhaa ya kuuza, na wagonjwa wa mji huu walilalia shuka nzima kwa sababu yake.

Tarehe 22 Agosti 1975 alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, wakati huo akiwa mpiga chapa katika ofisi ya bima, na wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza mwaka 1977, ambaye ni mhasibu, na wa pili mwaka 1980, ambaye ni daktari wa meno. Mwaka 1978 marehemu alinunua mnadani kigari cha mizigo, chenye kiti kimoja cha abiria mbele na benchi la mbao nyuma, na kiti kile cha mbele kilikuwa cha mama yetu, aliyekuwa hapatani na upepo, na mama alipofariki mwaka 1996 kiti kikarithiwa na trei za mayai, kwani kaka alinunua kila kitu kwa jumla na mayai hayataki kurushwarushwa. Wifi yangu alikaa nyuma na watoto, ameshika kitambaa cha kichwa kisipeperuke, na sikumbuki alalamike, ila siku moja alisema kwamba heri yai, linaogopwa kuvunjika.

Sasa nafika kwenye gari. Mwezi Juni 2011, miaka miwili baada ya kustaafu, marehemu alikipeleka kile kigari kwa fundi bodi kunyooshwa madigadi, akaona kwenye kona ya gereji bodi la gari la michezo la zamani, lenye viti viwili tu, limewekwa juu ya matofali, halina taa wala vioo, kama samaki aliyekwisha kuparwa. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, akawa anakuja kukaa juu ya tairi akitazama fundi anavyolikata, anavyoliunga na kulisugua, kisha siku moja akauliza lile swali lake. Fundi, ambaye alikuwa amejipanga kwa mabishano ya wiki nzima, akataja bei ya kutisha, na kaka akajibu sawa, na fundi akashtuka kiasi cha kudhani kuna mtego, akapunguza mwenyewe papo hapo. Fundi yuko hapa, namwona anatikisa kichwa kukubali.

Pesa ile ilikuwa kiinua mgongo chake, iliyokusudiwa kujenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba, na mliokuwa jirani mnakumbuka jinsi paa lilivyotaka kuondoka siku hiyo. Mtoto wa kwanza aliitisha kikao, akaeleza kwa utulivu wa kihasibu kwamba gari lile halibebi familia, halibebi saruji, linakunywa mafuta kuliko lori, na vipuri vyake vinatafutwa kama sindano mchangani. Baba yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nimeuliza bei maisha yangu yote. Hii nimelipa." Wa pili akasimama upande wa baba, wa kwanza akabaki upande wa hesabu, na huo ndio ukawa mwanzo wa ufa kati ya ndugu hao wawili.

Gari lilikabidhiwa nyumbani tarehe 9 Machi 2013, linang'aa mpaka watoto wa mtaa walijitazama meno kwenye milango, na hapo ndipo kosa lilipoonekana, kwamba fundi, kwa kukosa mlango wa abiria unaolingana, alitia wa gari jingine la ukoo uleule, na kitasa cha ndani kilikuwa hakishiki, hivyo aliyekaa upande ule hawezi kutoka mpaka afunguliwe kwa nje. Fundi alitaka kufa kwa aibu, akaomba gari alirudishe gereji akatengeneze bure, lakini marehemu alikwisha kumpandisha mkewe kulijaribu, akashuka, akazunguka mbele ya gari, akamfungulia, akasimama pale kidogo ameshika mlango, kisha akamwambia fundi auache hivyohivyo. Sisi tulidhani amechelea kukaa siku moja bila kidude chake cha kuchezea, na mimi mwenyewe nilimtania kwamba amenunua gari la kufungia mke.

Tangu hapo kila Jumamosi alasiri walitoka wawili, maana wa tatu hana pa kukaa, wakaenda hadi uzio wa uwanja wa ndege, wakanywa soda moja moja wakitazama ndege zinavyotua, wakarudi polepole kwa sababu mzee hakuwahi kulikimbiza gari lile hata mara moja. Na kila waliposimama, alishuka, akazunguka, akamfungulia. Mtaa mzima ukaamini kwamba Bei Gani amejifunza mapenzi uzeeni, wanawake wakaanza kuwaambia waume zao mtazame mwenzio, na wapo wanaume hapa ambao hawakumsalimia kaka yangu mwezi mzima kwa kuwaharibia soko.

Mwezi Oktoba 2022 miguu ilianza kuvimba, na vipimo vikaonyesha kwamba moyo umetanuka, akalazwa mara tatu katika hospitali ileile aliyoitumikia, ambako siku ya kwanza alipapasa shuka kwa vidole viwili, akamwuliza muuguzi wamenunua bei gani, na alipojibiwa, mapigo ya moyo yakapanda. Alifariki tarehe 3 Mei 2023, asubuhi, kitandani, bila maumivu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Nalia, lakini nashukuru kulisema hili, kwa sababu kwa miaka kumi kila simu yangu ilipolia siku ya Jumamosi nilidhani naambiwa gari limemuua, na halikumuua.

Lililotutisha zaidi lilikuja baada ya hapo. Wa kwanza alikwisha kupata mnunuzi wa gari, mtu anayekusanya magari ya zamani, na wa pili aliapa kwamba halitoki getini, na hao watoto wawili wa kaka yangu walikuwa hawasemezani tangu mzee alipolazwa, kila mmoja ananiambia shangazi mwambie kaka, shangazi mwambie dada, mpaka nikawa posta. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru wetu alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa sili, nikiwaza kwamba leo tutawaona wamesimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na wakitoka hapa ndio basi tena.

Juzi mchana akaja mthamini, aliyeitwa na wote wawili kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, akalala chini ya gari na tochi, akatoka ana vumbi mgongoni, akaketi sebuleni na kutusomea. Akasema injini si ile iliyotoka nayo kiwandani, mkia umeungwa kutoka magari mawili, na wenye pesa zao wanaokusanya magari haya hulipia lile ambalo kila kipande chake ni chake tangu kuzaliwa, kwa hiyo hili, pamoja na uzuri na uimara wake, bei yake sokoni ni ya kigari chochote kidogo cha kuendea kazini. Fundi, ambaye naye aliitwa siku hiyo, akasema kwa upole kwamba hayo yote alimweleza mzee mapema kabla ya kulipwa, na mzee alimjibu kwamba hata yeye meno ya mbele si yake na bado anakula. Hapo mhasibu akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na dada yake akamgeukia kwa mara ya kwanza baada ya miezi yote ile, akamwambia, "Kaka, sasa tugombanie nini?" Ndugu zangu, mzigo ulionitoka kifuani siku hiyo sijui niufananishe na nini, nikaomba chakula, nikala.

Mthamini akaendelea kusoma, akafika kwenye mlango wa abiria, akasema haufunguki kwa ndani, hivyo anapunguza tena. Wifi yangu, ambaye tangu msiba uingie hakuwa amesema zaidi ya ndiyo na hapana, akainua mkono.

"Huo usiupunguze, baba," akamwambia. "Nilikaa nyuma ya mayai miaka na miaka. Huo mlango ndio uliomshusha mume wangu akazunguka kunifungulia, na alijua unatengenezeka. Kama mnatafuta pesa ilikokwenda, ilikwenda hapo."

Nadhani swali lenu limejibiwa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia pamoja na maswali yake ya bei, majirani waliotupikia, kuchota maji na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani, nanyi wauza shuka ambao nimefarijika kuwaona mmekuja kumzika mtu aliyewakamua, na wewe fundi, ambaye kosa lako tunakuomba usilirekebishe kamwe. Gari linabaki kwa mwenyewe, wifi yangu, na tukitoka hapa litamrudisha nyumbani likiendeshwa na mwanawe wa kwanza, naye dada yake ameshamkumbusha kwamba akizima injini azunguke.

Kaka, umelipa na hudaiwi. Pumzika kwa amani.