Stela Egidi Niyokwizera, Mwanasheria wa Warina Asali wa Sikonge

Marehemu Stela alizaliwa Ulyankulu tarehe 9 Machi 1994, mtoto wa pili wa Mzee Egidi na Mama Spesioza. Shule ya msingi alisoma hapo hapo, sekondari Tabora mjini, na mwaka 2018 alihitimu Dar es Salaam shahada ya pamoja ya sheria na fedha. Alipokelewa kwa vigelegele. Baba yake alikuwa na hakika kwamba binti ataapishwa kuwa wakili, au angalau atakalia kiti cha meneja wa benki.

Kazi haikuja. Mawakili walimwona mtu wa mahesabu, mabenki yakamwona mtu wa mahakamani. Tarehe 6 Julai 2019 alifunga ndoa na Mwalimu Habimana. Mshereheshaji, katika kunogesha shughuli, akauliza bibi harusi anafanya kazi gani. Hakuwa nayo. Mzee Egidi akainuka, akatoka nje. Stela aliumia sana, na tangu siku hiyo baba na binti hawakugusa tena habari za kazi.

Mwaka 2021 alianza kuushauri ushirika wa warina asali Sikonge, kwa posho ndogo. Mwaka huu mnunuzi alileta mkataba wenye bei nono. Stela akapiga hesabu, akaridhika na bei. Alipofika kifungu cha tisa akagoma. Kiliweka rehani mizinga yao, ile yenye alama za koo, inayorithiwa baba kwa mwana. Mkutano ukachafuka.

"Asali imejaa ghalani, wewe mtoto unatuletea vifungu?" alifoka Mzee Mathias, mmoja wa warina.

"Shikamoo, babu. Mzinga wenye alama ya baba yako, uko radhi auchukue mgeni?"

Mathias akakaa. Mnunuzi akaondoka na magari matupu. Mvua zilikaribia, asali ingali ghalani, na lawama zote zikamwangukia Stela.

Tarehe 3 Novemba ugonjwa wa selimundu, aliozaliwa nao, ulimlaza hospitalini Tabora. Mzee Egidi alikuwa kando ya kitanda wakati Mama Bertila, mwenyekiti wa ushirika, alipoingia akihema: mnunuzi amerudi na mkataba mpya, huu hapa.

"Nisomee cha tisa," Stela alisema. Akasomewa. Mizinga haimo. "Haya, sainini."

Mzee Egidi akamgeukia Bertila. "Mama, huyu ndiye mwanasheria wenu?"

"Huyu huyu, baba. Na mahesabu yetu yote anayo yeye."

Mzee akasogeza kiti. "Stela, hebu nieleze hiyo kazi yako." Waliongea mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Stela alifariki alfajiri ya tarehe 20 Novemba 2025. Ameacha mume, binti yao Tekla, wazazi wote wawili na ndugu watatu. Mungu amlaze pema, apate pumziko la amani.