Gitaa Lililotoa Siri Yangu

Amani iwe kwenu, watu wa Mungu. Naona wengi mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Sawa, chekeni sasa, ili nikianza nisikike. Nimesimama kushuhudia, na sitataja jina la mtu. Anayejijua ajijue, na jirani yake asimgeukie.

Mnajua nimepiga gitaa katika kwaya hii tangu kanisa likiwa turubai. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa daftari: kila wimbo na ukurasa wake, kila kosa na tarehe yake. Lakini tulipohamia hapa chini ya mabati, tukapata kinanda cha umeme na spika mbili, gitaa langu likamezwa. Nilipiga hadi ukucha ukapasuka, na mama mmoja akaniambia mlangoni, "Mzee, leo umetuigizia vizuri." Alidhani nafanya mchezo wa kuigiza.

Ndipo mwalimu wa kwaya akaniita kando. "Mzee wangu, kinanda kina kitufe cha sauti ya gitaa. Usiposikika kufikia Pasaka, tutabonyeza hicho kitufe."

Ndugu zangu, nawaambia, kupokonywa kiti na mtu kunauma. Kupokonywa na kitufe, hata hujui utamnunia nani.

Nikaanza kutafuta pikapu. Si ile ya kubebea mbuzi. Ni kidude kinachoshika sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye spika. Nilisoma majuma mawili, nikachora jedwali, nikachagua ya sumaku, inayobanwa kwenye tundu la gitaa. Jumapili nikachomeka waya, nikapiga. Kimya. Nikaongeza sauti. Ukaja mvumo, halafu kimya kikubwa zaidi. Mzee mmoja wa kanisa akaja akaiwekea spika mikono, akaiombea. Spika ilikuwa nzima.

Hata hapo sikuuliza mtu. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu: mimi huuliza daftari. Nikachora jedwali la pili, nikanunua maikrofoni ndogo kama punje ya harage, nikaigandisha ndani ya gitaa. Nyumbani Burat, peke yangu chumbani, ilitoa sauti tamu hata mke wangu akaacha kuosha vyombo.

Hapa naomba mnivumilie. Nina tabia moja. Nikipiga, huinamia gitaa na kujinong'onea makosa ninayoyasikia, nisiyasahau kabla ya kulifikia daftari.

Jumapili hiyo, katika wimbo wa pili, nikanong'ona: "Sauti ya kwanza wamepaa tena. Kama kuku aliyekanyagwa." Kisha: "Mwalimu, polepole, hakuna anayekufukuza." Nikaona mabega ya watu yanatikisika, wengine wamefunika nyuso kwa leso. Nikajua Roho ameshuka. Nikanong'ona kwa furaha: "Leo gitaa limewaingia."

Na hilo pia likatoka kwenye spika zote mbili.

Mchungaji alifungua Biblia mara tatu, akaifunga mara tatu. Sauti ya kwanza wakasema hawaimbi tena nikiwa pale. Pasaka ilikuwa imebakiza Jumapili tatu. Nikaliweka gitaa juu ya kabati, nikaacha kuja mazoezini, na niliponunua maziwa nilipita njia ya nyuma.

Mke wangu akaniangalia siku nne. Siku ya tano akasema, "Umeuliza vitabu vyote. Umeuliza mtu?" Akanituma mtaa wa Bulla Pesa, kwa fundi wa redio anayetengeneza hata vipaza sauti vya msikiti.

"Salaam aleikum," nikasema, maana ni kwake.

"Aleikum salaam, mzee. Wewe ndio yule wa kuku?"

Habari ilikuwa imenitangulia. Alilisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kwa heshima kabisa. Kisha akagusa nyuzi za gitaa.

"Umeandika bei, umeandika waya, umeandika uzito. Wapi umeandika hii nyuzi ni ya nailoni? Sumaku inataka chuma. Hii ni kama kupigia mbuzi mluzi ya ngamia. Itakuangalia tu."

"Na maikrofoni?"

"Hiyo ilifanya kazi. Shida ni wewe."

Akaing'oa, akaweka pikapu ya aina nyingine, ukanda mwembamba chini ya kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi. Huo haujali maneno ya hewani. Hufuata mtetemo wa nyuzi. Akaunganisha kisanduku cha betri cha kuipa sauti nguvu. Mwisho akakata kipande cha akala kuukuu, kile kiatu cha tairi, akaziba nacho tundu la gitaa lisipige yowe mbele ya spika. Ndiyo, gitaa langu linavaa kiatu.

"Sasa usijaribu nyumbani," akasema. "Mpe mtu mwingine apige, wewe ukae nyuma na wamama. Utajua vile wanasikia."

Mtu mwingine! Katika kanisa hili, mtu mwingine anayejua kushika gitaa ni mmoja tu, na anaimba sauti ya kwanza.

Nilikwenda kwake na msamaha niliouandika ukurasa mzima. Nilipofika sentensi ya pili akasema, "Funga hiyo daftari. Niangalie, useme."

Nikafunga. "Dada, nilikukosea. Hamkuwa kuku."

Aliniacha nimesimama juani hadi chai yake ikaisha. Kisha akasema, "Lete hiyo gitaa."

Jumamosi akapiga hapa mbele, mimi nikakaa benchi ya mwisho. Nikasikia kila uzi, chini ya mabati haya haya, na machozi yakanilengalenga. Ndipo nikamwona ameinamia gitaa, midomo inacheza, ananikazia macho, na hamalizi. Kwenye spika zikatoka nyuzi tu.

"Umesema nini?" nikapaza sauti.

"Pikapu yako ni nzuri, mzee."

Pasaka sauti ya kwanza waliimba, nami nilipiga, na kitufe hakikuguswa. Namshukuru mwalimu aliyenivumilia, mke wangu aliyenituma, na fundi aliyejizuia kucheka hadi nilipotoka dukani. Jedwali langu lilikuwa na safu kumi na moja, na hakuna hata moja ya msikilizaji. Ukitaka kujua unavyosikika, ondoka kwenye kiti chako, nenda ukakae nyuma.

Na wewe dada, ulichonong'ona siku ile sijakijua hadi leo. Nimekiachia ukurasa mtupu kwenye daftari. Nadhani nilistahili chote.