Chati Niliyoifuta Namba

Mheshimiwa Mganga Mkuu, wakuu wa idara, wakunga na wauguzi mliotoka zamu moja kwa moja mkaja hapa, ndugu zangu wa ofisi ya takwimu, na wewe mume wangu uliyekwisha kuitazama saa mara mbili: hamjambo nyote.

Nimechoka, na sitajifanya sijachoka. Miaka thelathini na moja nimekalia kiti kile chenye mkono uliovunjika, nikijumlisha wagonjwa. Mshereheshaji amenisifu kwamba sijawahi kukosea. Namshukuru, ila hapo amenipamba mno.

Miaka minne iliyopita niliombwa chati ya pau, ile ya nguzo zinazopanda kwa idadi, ya waliojifungua katika zahanati zetu sita, ili wakunga wagawanywe. Jedwali lilikuwa limeshajumlishwa, mstari mmoja kwa kila zahanati. Kwenye R, programu yetu ya takwimu, nikaandika amri ya geom_bar, ambayo huhesabu mistari, badala ya geom_col, ambayo huisoma jumla kama ilivyo. Kila zahanati ikahesabiwa moja, na pau zote sita zikatoka kimo kimoja. Nilipoziwekea namba, kila namba ikakaa kwenye kimo cha jumla yake halisi, zikaenda kuelea huko juu, mbali kabisa na pau zake, mia nne na kumi na mbili ya zahanati ya sokoni ikiwa juu kuliko zote. Je, nilijiuliza kulikoni? Wapi! Ripoti ilikuwa inadaiwa tangu asubuhi, kichwa kinaniuma, nikaona namba zinaharibu sura ya ukurasa. Nikazifuta, na vipimo vya pembeni nikavifuta.

Nanyi mkaona pau zimelingana, mkagawa wakunga wawili wawili.

Mkunga wa sokoni, yule pale aliyekaa karibu na mlango ili awahi kurudi kazini, alilalamika. Akajibiwa, "Mbona wenzako hawalalamiki?" Alipoendelea, akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Akaja mezani kwangu na ripoti mkononi.

"Dada, hizi pau umezipima kwa rula? Kwangu wanajifungulia kwenye benchi!"

Nikamwambia nitaangalia. Niliangalia siku hiyohiyo, nikaliona kosa, na kwa aibu nikafunga mdomo. Mwaka uliofuata nikachora chati sahihi, kila pau na namba yake kichwani, akaongezewa wakunga watatu, nanyi mkanipigia makofi. Naye alipiga. Hayo makofi yake ndiyo yamenichosha kuliko kazi yenyewe.

Mdogo wangu, nisamehe. Uzembe ulikuwa wangu.

Mheshimiwa, barua ile uliitia sahihi kwa kuiamini chati yangu, na bado imo kwenye jalada lake. Mwezi ujao jalada hilo linafunguliwa, apandishwe cheo au aachwe. Zawadi mliyonifungia naiona pale mezani, na imenigusa sana, lakini leo siichukui. Itoeni barua kwanza, kisha mniletee nyumbani. Nimestaafu, mtanikuta.

Asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa.