Kukonda kwa Papa Directeur

Muheshimiwa Shefu wa groupement, Papa Muchungaji, wazazi wetu, walimu wenzangu, na wewe Papa Directeur Faustin unayetuaga leo, nawasalimu kwa heshima. Nimepewa kusema kwa jina la walimu. Lakini mimi Bénédicte ni mutoto wa Annonciata, na sitamaliza bila kumtaja mama.

Mnakumbuka Papa Directeur alivyokuwa? Kupanda kilima hiki cha Nyamitaba alipumzika kila kona, nasi tukasema, "Angalia mukubwa wetu, anakula vizuri!" Nani alijua kwamba unene ule ulikuwa unamuua? Munganga wa Kirotshe alimwambia tension na sukari viko juu, aachane na pikipiki, aende kazini kwa kinga, ni kusema baiskeli. Akainunua. Asubuhi aliikanyaga mpaka jasho linamwagika, na watoto wakamzomea kama wale wanaobeba magunia ya makaa kwa baiskeli, "Directeur amekuwa muuza makala!" Hakuona haya. Polepole tumbo likaisha, pumzi ikarudi, akaanza tena kuimba kanisani.

Na sisi tuliona nini? Kwetu mukubwa hakondi bure. Tukasema, "Hii njo karuho. Wamemutilia sumu." Nyumba yetu iko katikati ya kilima, na pale Papa Directeur alisimama kunywa maji ya mama, basi lawama ikamwangukia mama. Mama alionja kwanza mbele yake, kila mara, kama desturi inavyotaka. Nani alitaka kukumbuka hilo? Papa Directeur mwenyewe alisimama hapa akalia, "Jamani, ni kinga! Niko muzima!" Mkajibu kwamba sumu imeshafika kichwani. Siku mawe yalipoanguka juu ya paa letu, mama alifunga vitu vyake, akaenda Pinga.

Papa Directeur, afya yako ni furaha yangu, na ni kilio changu pia. Leo tunakusifu kwa kukonda, sisi wale wale tuliomfukuza mama kwa sababu ya kukonda kule. Jana nilimpigia simu nikamuomba arudi. Akaniuliza, "Nirudi, nimupe nani maji?"

Kopo hili ni lake, aliliacha. Maji nimeteka kwetu. Naonja mbele yenu. Pokea, Papa Directeur. Ukisha kunywa umpe Shefu, naye ampe aliye karibu yake. Jioni nitamwambia mama ni nani alikunywa, na kopo lilikwama kwa nani.

Asanteni kwa kunitegea masikio.