Nyota Imelipuka, Mama Mkwe Yuko Stendi

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, alikaa mwanamume aliyefunga vifungo vya shati kombo. Pembeni yake alikuwa mwanamke fundi cherehani, pini zake bado zimechomekwa kwenye ukosi.

"Mama, nimeharibu," mwanamume alimwambia. "Asubuhi nilitakiwa kumpokea mama mkwe stendi. Lakini kazini kwetu tunapokea habari za darubini iliyo huko angani, na leo imeona nyota ikilipuka na kumwaga eksirei. Nikasahau kila kitu."

"Nyota imevunjika mfupa?"

"Hapana, mama. Eksirei zinatoka kwenye nyota yenyewe."

"Na ni nyota ngeni?"

"Tunaijua zamani. Hulipuka, ikatulia, ikalipuka tena."

Fundi akaguna. "Ingekuwa ngeni ningekutetea, baba. Hiyo tabia ni ya wifi yangu kabisa, na hakuna anayeacha mkwe juani kwa ajili yake."

Nikajikohoza, maana kicheko kilishanifika kooni.

"Sasa nimwambie nini?"

"Sema gari liliharibika."

"Anajua sina gari."

"Sema unaumwa."

"Atakaa kwangu mpaka nipone!"

"Basi sema ukweli, ila tanguliza salamu, tena ziwe ndefu."

Basi likapunguza mwendo, likaingia stendi. Mama mmoja mpana alikuwa amekalia sanduku, mwavuli mkononi, akikagua madirisha yetu moja baada ya jingine. Mwanamume akazama kitini mpaka kikabaki kipara.

"Dereva," akaita kwa sauti ya chini, "ukitoka hapa unaelekea wapi?"